Wageni Hawataelewa

Mwalimu Mkuu aliingia dukani kwa Kidevu akipiga kelele. Wengi wenye masikio ndivyo walivyo: wakimwona kiziwi wanapaza sauti, utadhani uziwi ni umbali. Alitoa "Shikamoo Mama!" ya nguvu hivi kwamba kinyozi wa mlango wa pili alitoka nje na mkasi mkononi kuangalia nani anauawa. Kidevu alikwisha kuyasoma maneno hayo midomoni mwake. Alimwonyesha kiti, akaendelea kukanyaga cherehani hadi mwisho wa pindo, maana pindo haliachwi katikati kwa ajili ya mgeni.

Kidevu si jina la cheti. Ni jina alilopewa na viziwi wenzake akiwa na miaka sita, siku yake ya kwanza bwenini, kwa sababu ya kovu lililomkata chini ya mdomo. Hutajwa kwa kugusa kidevu mara mbili kwa kidole cha shahada. Viziwi ndivyo wanavyopeana majina: wanakutazama siku moja, mbili, wanakupachika, na likishakukaa hulivui tena. Majirani wanaosikia humwita Fundi. Zamani walimwita Fundi Bubu, mpaka siku aliyomkabidhi mteja mmoja suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko safi: "Bubu hakusikia vipimo." Tangu hapo ni Fundi tu.

Ana miaka sabini na mbili, mjane, mwenye duka la mlango mmoja, cherehani mbili na kioo kirefu ambacho wateja wanene hukilaumu. Anashona sare za shule tatu za jirani. Sare za Shule ya Viziwi, alikosoma mwenyewe, hajawahi kushona hata moja. Ameombwa mara mbili, na mara zote mbili alijibu kwamba kazi zimemzidi.

Wageni walikuwa watatu. Mwalimu Mkuu mwenyewe, mtu mwema asiyetulia, anayependa ratiba kuliko chakula. Mhadhiri wa historia, kijana mwenye miwani na mwendo wa taratibu, aliyepewa kazi ya kuandika kitabu cha miaka sabini ya shule. Wa tatu ni binti wa Kidevu, ambaye hapo si mgeni, ila siku hiyo alikuja kikazi. Anafundisha darasa la kwanza katika shule hiyo hiyo, anasikia vizuri, na lugha ya alama aliijua kabla ya kujua kutembea, kwa kuwa baba na mama yake wote walikuwa viziwi. Ukalimani wowote pale shuleni ni wake.

"Mama," Mwalimu Mkuu alisema, na binti akayageuza maneno mikononi, "bweni jipya limekwisha. Ghorofa mbili, vitanda sitini, maji mpaka ndani. Tunataka kulipa jina la Mkuu wa Kwanza."

"Nani?" Kidevu aliuliza, ingawa alikuwa ameelewa.

Binti alisita, kisha akajigonga vifundo vya vidole kwa ubavu wa mkono mwingine. Hilo ndilo jina la Mkuu wa Kwanza kwa viziwi: Rula. Chini ya picha yake ofisini pameandikwa Mwanzilishi na Mlezi. Bwenini watoto wa miaka saba walimpa jina lao, na walilichagua bila kamati.

"Wewe ndiye mwanafunzi wake mkongwe kuliko wote walio hai," Mwalimu Mkuu aliendelea. "Jumamosi kamati inakutana na wanafunzi wa zamani kulipitisha jina. Bila wao kukubali, jina haliandikwi. Tunaomba uwepo, utuunge mkono. Na siku ya ufunguzi utukaribishie wageni kwa sauti yako mwenyewe, kwa ile sentensi aliyokufundisha. Watu wasikie matunda ya kazi yake."

"Mdomo wangu ni wa kula," Kidevu alijibu.

Binti alitafsiri kwamba Mama atalifikiria jambo hilo. Kidevu, ambaye macho yake hayabanduki mdomoni mwa mtu, alimfinya mkono.

Ndipo Mhadhiri alipomwekea mbele ukurasa mmoja wa kitabu chake. Alifanya hivyo kwa heshima, akaweka kidole kwenye mstari ili Mama asihangaike. Kidevu alivaa miwani akasoma. *Baadhi ya mbinu za enzi hizo, kama kuzuia matumizi ya mikono, zinaweza kuonekana kali leo. Lakini kwa viwango vya wakati ule, hakuna aliyeziona kuwa kosa.*

Alisoma mara mbili. Kisha akachomoa pini kwenye mto wake mdogo wa pini, akaichomeka kwenye karatasi, palepale penye "hakuna".

"Huyu hakuna," alimwambia Mhadhiri, "ulimhoji lini?"

Mhadhiri alitabasamu, na haikuwa tabasamu ya dharau. Tuseme ukweli: alikuwa kijana mzuri, na amesoma. "Mama, mimi mwenyewe nikisoma habari zile moyo unaniuma," alisema. "Lakini kazi yangu inanikataza kuwapima watu wa kale kwa kipimo cha leo. Walimu wa viziwi wa nchi nyingi waliwahi kukutana, wakapiga kura, wakakubaliana kwamba alama zinaua sauti. Yeye alifuata alichofundishwa. Angejuaje?"

"Katika mkutano huo, viziwi walikuwa wangapi?"

"Hilo... sina hakika."

"Nenda kahakikishe. Mimi sisogei. Nitakuwa hapa na hizi sketi."

Wakaondoka. Mwalimu Mkuu aliaga kwa sauti ile ile, na kinyozi alitoka tena. Binti alibaki nyuma akikunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

"Mama, mwaka huu wananithibitisha kazini," alisema kwa mikono midogo, mikono ya mtu anayenong'ona. "Sikwambii ukubali. Nakwambia tu."

"Umeniambia," Kidevu alijibu, na cherehani ikaendelea.

Hapa lazima vielezwe vifuko, kwa sababu kitabu cha Mhadhiri kimevipa maneno manne tu, "kuzuia matumizi ya mikono", na maneno manne ni uchoyo.

Vilikuwa vya kitambaa cha marekani, kigumu, cheupe. Kimoja kila mkono, kinafungwa kamba kwenye kifundo, fundo likiwa upande ambao meno hayafiki. Mtoto alivishwa kengele ya asubuhi, akavuliwa wakati wa kula, akavishwa tena mpaka jioni. Hesabu yao ilikuwa kwamba mtoto asiye na mikono atatafuta mdomo. Watoto arobaini na mmoja walikaa mbele ya vioo wakipuliza vipande vya karatasi ili "pa" itoke, na mtu hakuweza kumuuliza jirani yake hata saa ngapi. Ukitaka kujua ilivyokuwa, jifunge mdomo kwa kitambaa asubuhi, ukifungue jioni, ufanye hivyo miaka saba, ndipo uje uniambie habari ya mbinu kali.

Hayo Kidevu angeweza kuyasimulia popote bila shida. Viziwi wote wa rika lake huyasimulia, tena kwa vichekesho. Ambalo hakuwahi kumsimulia mtu, hata marehemu mumewe aliyevaa vifuko hivyo hivyo, ni hili: aliyevishona ni yeye.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mkono wake wa sindano ulikuwa unasifiwa, akapelekwa chumba cha ushonaji, akapewa jora la marekani na kipimo. Vifuko vya kwanza alivipiga bandi. Fundi yeyote anajua bandi ni nini: ni ule mshono mrefu wa kushikiza kwa muda, unaouvuta uzi mmoja na wote unafumuka. Mtoto alikuwa akitia pembe ya kifuko mdomoni, anavuta uzi, vidole viwili vinachungulia, na chini ya dawati maongezi yanaendelea. Mwalimu akija, uzi unasukumwa ndani. Bweni zima lilijua kwamba vifuko vipya vimekuja na mlango. Hakuna aliyejua mlango huo umewekwa na nani, kwa kuwa alivishona peke yake, chumba kimefungwa, na watoto waliambiwa vinatoka mjini.

Miezi minne. Halafu siku moja Rula alikivuta kimoja, uzi ukamfuata mkononi wote.

Hakumpiga. Laiti angempiga. Alimwita ofisini, akamkalisha kitini kama mtu mzima, akamwambia taratibu ili asome kila herufi: "Una mikono ya thamani. Kuanzia leo wewe hutavaa. Ila ushone vizuri."

Akashona vizuri. Mshono wa kurudia, mara mbili, ukingo umekunjwa ndani. Meno ya mtoto hayakufua dafu. Akawa ndiye mtoto pekee shuleni mwenye mikono wazi mchana kutwa, na hakuwa na wa kuongea naye, kwa kuwa wenzake wote alikuwa amewafunga yeye. Wao walidhani ameachiwa kwa sababu anasema vizuri. Alisema vizuri kweli. Walipokuja wageni yeye ndiye aliyesimamishwa mbele na kusema, "Karibuni wageni wetu, tunashukuru kwa kuja kwenu," na wageni wakapiga makofi.

Siku tatu baada ya ile mishono mipya kuanza kazi, alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa la wadogo na jora la kitambaa mabegani. Mtoto mmoja wa miaka saba, mgeni shuleni, aliinuka akanyoosha kifuko juu. Mwalimu akamwambia aseme kwa mdomo. Mtoto hakuwa na neno hata moja mdomoni. Alikuwa na wiki tatu tu pale. Alipinda magoti, akazungusha vile vifuko viwili hewani, akamtazama mwalimu, akamtazama Kidevu mlangoni. "Sema," mwalimu alirudia. "Sema." Mpaka mkojo ukateremka mguuni ukatandaa sakafuni.

Kidevu alikuwa na mikono miwili wazi. Angeweza kumsemea, kwa alama au kwa kile kinywa chake kilichosifiwa. Alishika kitambaa.

Kufikia jioni yule mtoto alikuwa amepata jina. Linatajwa kwa kutikisa vidole kuelekea chini, kama matone. Maji.

Maji sasa ni mzee wa miaka sitini na saba, fundi wa kuchomelea vyuma, mcheshi hakuna mfano, rafiki mkubwa wa marehemu mume wa Kidevu na wa Kidevu mwenyewe. Alimdanganya mkewe kwamba aliitwa hivyo kwa sababu ya kupenda kuogelea, na mwanamke wa watu ameishi naye miaka arobaini bila kumwona akiingia hata kwenye dimbwi. Siku ya Alhamisi Kidevu alifunga duka mapema akaenda karakana kwake. Alitaka kumwambia. Alijipanga njia nzima.

Alimkuta amevua kofia ya kuchomelea, jasho linamtiririka, anakula. Habari za bweni alikuwa nazo.

"Walipe jina lolote," Maji alisema na tonge mkononi. "Mimi Rula simwogopi tena, amekufa. Ninayemtafuta ni yule aliyekuwa akishona. Vile vya kwanza vilikuwa na roho. Vya pili vilishonwa na shetani. Nikimpata, nitamchomelea vidole vyote kumi, kimoja kimoja, kwa nondo safi."

Akacheka mpaka akakohoa. Kidevu naye akacheka. Akamsifia geti alilokuwa akitengeneza, akarudi nyumbani bila kumwambia.

Ijumaa nzima alishona sketi na kugombana na ukurasa wa Mhadhiri. Alikuwa ameubandika ukutani kwa pini yake. *Hakuna aliyeziona kuwa kosa.* Uongo, na yeye ndiye ushahidi kwamba ni uongo. Lakini hapo ndipo penye mtego, na aliuona waziwazi: ile sentensi ilikuwa inamfunika na yeye. Akiiacha ikapita, Rula atakuwa hana kosa, na Kidevu naye atakuwa hana kosa. Wote wawili watalala chini ya blanketi moja, mwalimu na fundi wake, joto tele. Asitoe neno tu. Atakula keki siku ya ufunguzi, Maji atakaa pembeni yake akifanya mizaha, binti atathibitishwa kazini, na watoto sitini watalala kwenye nyumba ya Rula.

Kulala chini ya blanketi moja na Rula! Hasira iliyompanda hapo ilikuwa ya miaka sitini. Alichomoa pini kwa nguvu hata karatasi ikachanika.

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi wa shule ulikuwa umepangwa viti kwa safu, wote watazame mbele. Wanafunzi wa zamani walipoingia, jambo la kwanza walilofanya, bila kuulizana, ni kuviburuta viti vyote viwe nusu duara, maana kiziwi anayetazama kisogo cha mwenzake hayuko mkutanoni. Waliviburuta kwa raha zao. Mwalimu Mkuu alikunja uso, meno yakimfa ganzi kwa ule mkwaruzo, na wao walishangaa anaumwa nini.

Walikuwa watu thelathini na wanne. Mhadhiri alisoma maneno yake, binti akayageuza. Alisoma vizuri. Alisema Mkuu wa Kwanza alijenga shule mahali ambapo kabla yake viziwi walifichwa ndani, na hilo ni kweli. Alisema wengi waliomo ukumbini wanajua kusoma kwa sababu yake, na hilo pia ni kweli. Kisha akafika kwenye viwango vya wakati ule.

Kidevu akasimama. Hakungoja aitwe.

"Nina neno kuhusu vifuko," alisema, na binti akaanza kumtolea sauti kwa ajili ya wanaosikia. "Kijana anasema wakati ule hakuna aliyeona kosa. Mimi nilikuwepo wakati ule. Wakati ule ulikuwa na mkuu mmoja na watoto arobaini na mmoja. Sasa nauliza, viwango vya wakati ule ni vya yule mmoja, au ni vya sisi arobaini na mmoja?"

Viganja vilipepea hewani duara nzima. Hayo ndiyo makofi yao. Mhadhiri alikubali kwa kichwa, akaandika.

"Utaniambia sisi tulikuwa watoto, tuliumia tu, hatukujua viwango," Kidevu aliendelea. "Haya. Nikuletee watu wazima. Siku ya wazazi, na siku ya mkaguzi, vifuko vyote vilikusanywa kabla ya saa mbili, vikafungiwa kabati la chumba cha ushonaji. Rula alitoa ufunguo, akasema, 'Kusanya. Wageni hawataelewa.' Maneno yake hayo, nimeyasoma mdomoni mwake si chini ya mara kumi. Sasa hao wageni walikuwa watu wa wakati gani? Walikuwa wa leo? Wazazi wetu walitoka miaka ijayo? Walikuwa watu wa wakati ule ule, wenye viwango vile vile, na yeye aliwaogopa. Mtu haogopi kuonyesha kitu ambacho hakuna anayekiona kosa. Aliyefunga kabati lile alijua."

Mhadhiri alivua miwani. "Mama, hilo sikulikuta popote," alisema. "Ni jambo zito. Ila niwie radhi, lazima niulize. Umejuaje? Ufunguo alimpa nani?"

Hapo ndipo alipokuwa akipangojea tangu Ijumaa. Alikuwa ameshika kiti. Kisha akakiachia, kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili.

"Mimi. Nilikuwa nao kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikivishona."

Viziwi thelathini na watatu waliliona hilo papo hapo. Wanaosikia walikuwa bado wanangoja. Mkalimani, mtu akisema "mimi", naye husema "mimi". Ndiyo kazi ilivyo. Binti alifungua kinywa, akakifunga, kisha akasema, "Anasema kwamba... kuna mwanafunzi aliyekuwa akivishona."

Kidevu alimwona. Alimgeukia mbele ya watu wote.

"Mwanangu, sikukuzaa uwe pazia langu. Sema kama nilivyosema."

Machozi yalikuwa yanamtoka binti, lakini alinyoosha mgongo. "Mimi ndiye niliyekuwa nikivishona," alisema kwa sauti iliyofika nyuma kabisa.

Basi Kidevu akasema yote. Bandi na miezi minne. Ofisini. Mikono ya thamani. Mshono wa kurudia mara mbili. Alisema na mlango wa darasa la wadogo, na kitambaa mabegani, na aliyekuwa amesimama akizungusha vifuko. Hakutaja jina. Maji alikuwa kiti cha tatu kutoka kushoto, na uso wake haukuwa tena wa mchekeshaji.

Mhadhiri alikuwa wa kwanza kujibu, na alijibu kwa huruma, ndiyo maana ilikuwa vibaya zaidi. "Mama, ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulitishwa, ukahongwa na mtu mzima. Hakuna wa kukulaumu. Kwa mazingira ya wakati ule..."

"Lirudishe blanketi lako!" Kidevu alimkata, mikono ikipigana hata vikasikika viganja. "Nilikuwa mtoto, ndiyo, pimeni utoto wangu, mpunguze mnachotaka kupunguza. Lakini usiniambie sikujua. Nilijua! Ningekuwa sijui, ile miezi minne ya kwanza nilikuwa napiga bandi ya nini? Nilijua, nikashona. Mnihukumu kwa hilo, na mimi sitajificha. Na kama mtoto wa miaka kumi na miwili alijua, mwenye shule alijua mara mia. Usichukue aibu yangu ukamtengenezea yeye shuka."

Alikaa. Mwalimu Mkuu alitazama ratiba yake, na kwa mara ya kwanza haikumsaidia.

Maji aliinuka. Alitembea hadi katikati ya nusu duara, akasimama mbele ya Kidevu, karibu kuliko kawaida.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua."

"Uliniona pale?"

"Nilikuona."

Maji aligeuka kwa Mwalimu Mkuu. "Piga kura," alisema.

Mikono iliyokataa jina ilikuwa thelathini na mmoja. Watatu hawakunyoosha upande wowote, na mmoja wao ni Kidevu. Aliona hana haki ya kuhesabiwa. Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba bweni litafunguliwa bila jina, na ratiba itabadilishwa. Mhadhiri alikuja na kalamu, akaikata ile sentensi mbele ya macho ya Kidevu, mstari mmoja ulionyooka, akaomba aje dukani aandike vizuri. Kidevu alimwambia aje Jumatatu, na asipige kelele mlangoni.

Binti alimshika bega, akamwambia waende nyumbani. Kidevu alikataa. Alikuwa anamtafuta Maji.

Alimkuta nyuma ya ukumbi, penye ukuta wa bweni jipya, amesimama peke yake. Maji alipomwona alimpa mgongo. Kwa mtu anayesikia, mgongo ni ukali tu, maneno bado yanapita. Kwa kiziwi ni mlango uliofungwa kwa komeo. Kidevu alizunguka akaja mbele yake. Maji akageuka. Kidevu akazunguka tena, mzee wa miaka sabini na mbili, magoti yanalia, kwenye kokoto za mafundi ujenzi. Maji akageuka mara ya tatu, akakuta ukuta, na hapakuwa na pa kugeukia isipokuwa kufumba macho. Akafumba.

Kidevu alingoja. Alisimama juani mpaka kitambaa chake cha kichwa kikalowa, na wala hakumgusa.

Hatimaye Maji alifumbua macho.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sijakuomba."

"Sasa umefuata nini huku?"

"Miaka sitini umekuwa ukimtafuta aliyeshona, una maneno ya kumwambia. Mimi hapa. Yaseme."

Mikono ya Maji ilikuwa na makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Alivuta tofali mbili, moja akaisukuma kwake kwa mguu, nyingine akaikalia. Kisha akaanza kumweleza siku ile, tangu kengele ya asubuhi, tangu kifuko cha kwanza, kila kitu alichokuwa akijaribu kusema pale darasani na hakuna aliyekiona. Kidevu aliiweka mikono yake magotini, akatazama mpaka mwisho.